Tumbo Linaposokota Hata Mtu Akazimia

Wako watu kati yetu ambao tumbo likiwasokota sana hutokwa na jasho, huona giza, halafu huanguka chini. Baada ya muda mfupi huamka wenyewe. Jambo hili linatisha. Jamaa hupiga kelele wakidhani mtu wao amekufa. Wengine husema ni kifafa. Wengine husema karogwa. Na mgonjwa mwenyewe huanza kuogopa kwenda chooni, kwenda shambani, hata kwenda sokoni.

Leo tutaeleza mambo manne. Kwanza, ni ugonjwa gani huo wa tumbo. Pili, kwa nini maumivu ya tumbo yamwangushe mtu mzima. Tatu, afanye nini yeye na jirani zake. Nne, ni wakati gani asikae nyumbani, bali akimbizwe hospitali. Hilo la nne linaweza kuokoa maisha, kwa hiyo tunaomba usiache kulisoma.

UTUMBO MWEPESI KUUDHIKA

Chakula tunachokula hupita katika utumbo. Utumbo ni kama mpira mrefu wa maji, lakini wenyewe una misuli. Misuli hiyo hujikaza na kulegea, hujikaza na kulegea, ili kusukuma chakula mbele. Kwa kawaida hatuisikii kazi hiyo.

Kwa watu wengine kazi hiyo huharibika mwendo. Misuli hujikaza kwa nguvu mno, au haraka mno, au polepole mno. Tena mishipa ya fahamu ya tumbo huwa myepesi kuhisi. Gesi kidogo ambayo mtu mwingine asingeijua, kwa mtu huyu ni maumivu makali. Madaktari huuita ugonjwa huu utumbo mwepesi kuudhika. Vijijini wengi wetu husema ni chango tu, ingawa jina hilo la chango tunalitumia kwa maumivu mengi ya tumbo yasiyo ya namna moja.

Dalili zake ni hizi:

1. Tumbo huuma mara kwa mara, kwa wastani siku 1 au zaidi kila wiki, kwa muda wa miezi 3 au zaidi.
2. Maumivu huhusiana na choo. Mtu akienda haja kubwa, maumivu hupungua au huzidi.
3. Choo hubadilika. Mara mtu anaharisha, mara anapata choo kigumu kama cha mbuzi.
4. Tumbo hujaa gesi na kunguruma.

Mtu huyu akipimwa, haonekani na kidonda wala uvimbe. Hapo watu husema, "Huna ugonjwa, unajisingizia." Maneno hayo si ya haki. Ngozi ya ngoma ikiwambwa sana hulia hata ikiguswa kwa kidole. Haikutoboka, ila imekazwa kupita kiasi. Ndivyo ulivyo utumbo huu. Maumivu yake ni ya kweli.

Ugonjwa huu si saratani, wala haugeuki kuwa saratani. Hauambukizi. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Wasiwasi, msiba, deni au ugomvi wa nyumbani huuzidisha, kwa sababu ubongo na utumbo hupelekeana habari mchana na usiku.

Mara nyingine ugonjwa huu huanza baada ya mtu kuharisha vibaya kwa sababu ya maji machafu. Tuchukue mfano wa mji mdogo wa Walkerton, nchini Kanada. Mwezi wa Mei mwaka 2000 mvua kubwa ilinyesha. Maji ya mvua yalibeba samadi ya ng'ombe kutoka shambani yakaingia katika kisima kilicholisha bomba za mji. Watu zaidi ya 2,000 waliugua tumbo, na watu 7 walikufa. Madaktari waliendelea kuwaangalia wakazi kwa miaka 8. Waliona kwamba kati ya watu walioharisha wakati ule, zaidi ya robo walikuwa na utumbo mwepesi kuudhika baada ya miaka 2 au 3. Baada ya miaka 8 walikuwa wamebaki kama watu 15 katika kila 100. Hapa tunapata mafunzo mawili. Kulinda kisima ni kulinda tumbo kwa miaka mingi. Na wengi wa wagonjwa hawa hupata nafuu, ingawa hawaipati upesi.

KWA NINI MTU AZIMIE?

Fikiri kijiji chenye bomba. Nyumba nyingine ziko bondeni, nyingine ziko mlimani. Nguvu ya maji ikipungua bombani, nyumba za mlimani ndizo hukosa maji kwanza. Mwili nao ni hivyo. Mtu akisimama, kichwa kiko mlimani. Nguvu ya damu ikishuka ghafla, ubongo hukosa damu kwanza, na mtu hupoteza fahamu.

Sasa maumivu yanaingiaje? Kuna mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, ukapita kifuani penye moyo, ukashuka mpaka tumboni. Madaktari huuita neva ya vagasi. Kazi yake moja ni kuutuliza moyo usipige mbio. Tumbo likisokota kwa nguvu, habari ya maumivu hufika kwenye ubongo. Kwa watu wengine ubongo hujibu kupita kiasi. Huuamuru moyo upige polepole, na wakati huo huo huiacha mishipa ya damu ilegee na kupanuka, hasa ya miguuni na tumboni. Basi damu hubaki chini, na kichwa hukosa. Daktari mmoja Mwingereza, Thomas Lewis, alieleza kuzimia kwa namna hii tangu mwaka 1932, kwamba ni kazi ya mambo mawili pamoja: moyo kupunguza mapigo na mishipa ya damu kulegea.

Kumbe kuanguka kwenyewe ndiko kunakorudisha damu kichwani! Mtu akiwa amelala, hakuna tena mlima wa kupanda. Damu hufika kichwani na mtu huamka, mara nyingi kabla ya dakika 1 au 2 kupita.

Tena mahali ambapo jambo hili hutokea sana ni chooni. Sababu ziko nyingi. Mtu yuko katika maumivu. Anajikamua na kuzuia pumzi. Pengine ameharisha tangu asubuhi na maji yamepungua mwilini. Kisha amechuchumaa muda mrefu, akasimama ghafla. Mambo hayo yakikutana, hata mtu mwenye nguvu huanguka.

Lakini tusikosee hapa. Wagonjwa wengi wa utumbo mwepesi kuudhika hawazimii kamwe. Kwa hiyo mtu akizimia kwa mara ya kwanza, asiseme tu, "Ni chango langu lile lile." Lazima apimwe.

DALILI ZA KUTANGULIA

Kuzimia kwa namna hii hakuji kama mwizi. Kwa kawaida hupiga hodi kwanza. Mtu huhisi joto, kisha jasho jembamba la baridi. Kichefuchefu humshika. Masikio huvuma. Macho huingia kiwi au giza. Midomo hukauka, uso hupauka, na miguu hulegea.

Ukihisi hodi hiyo, usijikaze uonekane hodari. Fanya hivi:

1. Lala chini mara moja, hapo hapo ulipo, na uinue miguu juu ya kiti, gogo au mzigo. Usione haya. Kulala chini kwa hiari ni bora kuliko kuangushwa.
2. Kama huwezi kulala, kaa chini na uinamishe kichwa katikati ya magoti.
3. Ukiwa na nafasi, pishanisha miguu na ubane mapaja na makalio kwa nguvu. Au funganisha vidole vya mikono miwili na uvute kana kwamba unataka kuviachanisha. Kukaza misuli husukuma damu kwenda juu. Lakini usizuie pumzi.
4. Vuta pumzi polepole kwa pua, uitoe polepole kwa mdomo. Usihemehe upesi upesi.
5. Mwite mtu.
6. Usiinuke mpaka giza na jasho viishe. Kisha kaa kwanza, ngoja dakika chache, ndipo usimame.

Kwa mambo ya chooni, weka mti imara wa kushikia ukutani. Usijikamue. Ukimaliza, inuka polepole huku umeshika mti. Siku ambayo tumbo linasokota sana, mwambie mwenzio unakwenda chooni, na mlango usiufunge kwa komeo la ndani ambalo mtu wa nje hawezi kulifungua. Wakati maumivu yanaanza, kaa mbali na moto, kisima na ngazi, wala usipande baiskeli au pikipiki, wala mnazi.

JIRANI AFANYE NINI?

Watu wengi wakimwona mtu ameanguka, humwinua na kumkalisha. Wengine humshikilia asimame. Hiyo ni hatari. Ukimwinua, unamrudisha kichwa chake mlimani, na damu inakosa kufika. Basi fanyeni hivi:

Mlazeni chali, na inueni miguu yake. Legezeni kanga, mkanda na nguo za shingoni. Watu wasimzunguke, apate hewa. Akitapika, mgeuzeni alale kwa ubavu ili matapishi yasimwingie kwenye mapafu. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Msimnyweshe kitu chochote kabla hajazinduka vizuri na kuweza kumeza. Angalieni kama ameumia kichwa alipoanguka.

Mtu aliyezimia anaweza kutikisika mikono na miguu kwa sekunde chache. Hiyo peke yake si kifafa. Mwenye kifafa kwa kawaida hutikisika kwa muda mrefu zaidi, pengine hujiuma ulimi, na akiamka huwa amechanganyikiwa kwa muda mrefu. Aliyezimia huamka upesi na kutambua watu, ila amechoka. Mwelezeni mganga yote mliyoyaona, maana mgonjwa mwenyewe hakuyaona.

Ikiwa hazinduki kwa dakika chache, au hapumui vizuri, pelekeni hospitali upesi. Naye asibebwe juu ya pikipiki akiwa amekalishwa katikati ya watu wawili. Tafuteni gari au machela, alazwe.

USINGOJE NYUMBANI

Sasa tumefika kwenye lile jambo la nne. Tumbo kuuma pamoja na kuzimia kunaweza kuwa ni ugonjwa mwingine kabisa, tena wa kuua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona mambo haya:

1. Mwanamke wa umri wa kuzaa anaumwa tumbo chini ya kitovu na amezimia au anasikia kizunguzungu, hasa kama amekosa siku zake au anatoka damu kidogo kidogo. Pengine mimba imetunga nje ya mji wa mimba na mrija umepasuka. Damu inavujia ndani, nje huioni. Mara nyingine bega nalo huuma. Huyu asipewe dawa ya chango, wala asisubiri kesho. Akichelewa atakufa.
2. Choo cheusi kama lami, au choo chenye damu, au mtu kutapika damu. Hii ni dalili ya kutoka damu ndani.
3. Tumbo limekuwa gumu kama ubao, au mtu anatapika bila kukoma na hapati choo wala kutoa hewa.
4. Homa kali pamoja na maumivu ya tumbo.
5. Mtu amezimia akiwa kazini analima au anakimbia, au akiwa amelala, au kifua kinamuuma, au moyo ulikwenda mbio kabla hajaanguka. Hapo tunaogopa moyo.
6. Mzee ameumwa tumbo au mgongo ghafla, kwa ukali, akazimia.

Kuna mengine ambayo si ya kukimbizana, lakini yanataka kupimwa upesi: kukonda bila sababu, kupungukiwa damu, maumivu yanayokuamsha usiku, na ugonjwa wa tumbo ulioanza baada ya miaka 50.

Zahanati au kituo cha afya wanaweza kukupima presha ukiwa umelala na ukiwa umesimama, wakapima wingi wa damu, choo, malaria, sukari, na mimba kwa akina mama. Kipimo cha umeme wa moyo kikihitajika, watakupeleka hospitali kubwa. Amiba, minyoo, kichocho na vidonda vya tumbo navyo huumiza tumbo, na vyote vina dawa zake. Ndiyo maana ni lazima kupima kwanza, kisha kutibu.

KUISHI NA UGONJWA HUU

Ikiwa umepimwa na umeambiwa ni utumbo mwepesi kuudhika, yako mambo mengi unayoweza kuyafanya nyumbani.

Kula kwa saa zako, kidogo kidogo, bila kushindilia. Usikae na njaa kutwa kisha ukala sahani mbili usiku. Vyakula vinavyoleta gesi kwa wengi ni maharage, kabichi, vitunguu na, kwa wengine, maziwa. Pilipili, pombe, kahawa na chai kali huwachokoza wengine. Lakini usiache vyakula vyote kwa pamoja, utakonda bure. Acha kimoja kwa wiki 2 au 3, uangalie. Kama hakuna nafuu, kirudishe, ujaribu kingine.

Kunywa maji safi ya kutosha, hasa msimu wa joto na siku za kulima. Maji yakipungua mwilini, kuzimia huwa karibu. Ukiharisha, kunywa maji yenye dawa ya chumvi na sukari ya pakiti. Ukiikosa, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya chai vya sukari, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Mwenye presha ya kupanda au ugonjwa wa figo asijiongezee chumvi kila siku bila kumwuliza mganga. Na anayetumia dawa za presha amweleze mganga kwamba anazimia, maana dawa nyingine hushusha presha mno. Lakini asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kitambaa cha moto juu ya tumbo hutuliza msokoto. Angalia kisikuunguze. Ziko dawa za kulegeza misuli ya utumbo ambazo mganga anaweza kukupa. Usijinunulie dawa za amiba kila tumbo linapouma, kama hukuonekana na amiba. Usimeze dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki kwa ajili ya tumbo. Hizo zinaweza kuchimba vidonda tumboni, na kidonda kikitoa damu, utazimia kweli kweli.

Nanyi mlio nyumba moja na mgonjwa, msimcheke wala kumfichaficha. Akijua kwamba akianguka ataokotwa kwa heshima, hofu yake itapungua. Na hofu ikipungua, utumbo nao hupata kutulia.

TUMIA KALAMU YAKO

Ndugu zetu mliojifunza kusoma na kuandika, hapa pana kazi nzuri ya kalamu. Chukua daftari. Kila jioni andika mistari michache kwa muda wa mwezi 1. Maumivu uyape namba: 0 ni hakuna, 10 ni makali kuliko yote. Tazama mfano:

Jumatatu. Nilikula ugali na maharage. Maumivu 7. Niliharisha mara 3. Niliona kiwi chooni, nikalala chini. Sikuzimia.

Jumanne. Nilikula ndizi na samaki. Maumivu 2. Choo mara 1. Sikuona kiwi.

Jumatano. Sikula mchana. Nilikunywa chai kali. Maumivu 6. Nilizimia saa 2 usiku niliposimama. Niliamka upesi.

Baada ya mwezi mmoja, soma ulichoandika. Utaona ni chakula gani, ni saa ngapi, ni hali gani inayokuletea taabu. Akina mama waandike pia siku zao za mwezi. Peleka daftari hilo kwa mganga. Mganga ana dakika chache tu za kukusikiliza, na maneno mengi husahaulika mlangoni. Yaliyoandikwa hayasahauliki.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini si vizuri kumkalisha mtu aliyezimia?
2. Taja dalili 4 zinazotangulia kuzimia.
3. Mwanamke amekosa siku zake, tumbo linamuuma upande mmoja, na ameanguka chini. Mtafanya nini, na mtasafiri naye namna gani?
4. Choo cha nyumbani kwako kina mti wa kushikia? Mtu akianguka ndani, mlango unafunguka kutoka nje?
5. Kisima cha kijiji chenu kiko umbali gani na zizi la ng'ombe? Mvua ikinyesha, maji yanateremkia wapi?

Swali la 5 msilijibu mkiwa mmekaa. Ondokeni mwende mkakitazame kisima.